Jamaa wa kitufe cha "Hifadhi" kanidhalilisha leo mbele ya mteja!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo Kariakoo, mbele ya mteja, mbele ya vijana wa stoo, mbele ya mama wa chai, kaninyooshea kidole: "Huyu dogo hajui hata kitufe." KITUFE!

Programu ya mauzo kaandika yeye. Java Swing, zana ya Java ya kutengeneza madirisha na vitufe, na kila kitu kakitumbukiza ndani ya actionPerformed, sehemu inayotekelezwa kitufe kikibofywa: kutafuta seva, kuandika mauzo, kuchapa risiti. Ukibofya Hifadhi dirisha linaganda, unaenda Mbagala unarudi bado limeganda. Ile Event Dispatch Thread inayopokea mibofyo ndiyo hiyohiyo inayochora dirisha! Ukiituma kwa seva, nani achore? Na mibofyo haipotei, inapanga foleni. Keshia kaona kimya, kabofya tena na tena. Dirisha lilipozinduka, printa ikatema risiti mpaka sakafuni. Mfuko mmoja wa sukari, kwenye mauzo ni kontena zima.

Nikamwambia kwa adabu, kaka, hii ni kazi ya SwingWorker, inayofanya kazi nzito pembeni dirisha lisigande, imo ndani ya Java tangu 2006. Ndipo akasema vile. Mbele ya mteja!

Halafu dawa yake sasa: setEnabled(false) mwanzoni kufunga kitufe, setEnabled(true) mwishoni kukifungua, humohumo ndani ya actionPerformed. Haizuii kitu! Mibofyo iliyo foleni inahudumiwa kitufe kikishafunguliwa, inapita yote. Risiti zikamwagika upya, mteja ananikodolea macho MIMI. "Hajui hata kitufe." Jamani!

Kibodi Mbovu: Gazeti lote hili kwa sababu ya kitufe?

Binti Temeke: Namjua huyo, alipita kwetu. Aliita addActionListener, amri ya kukiongezea kitufe kazi ya kufanya kikibofywa, kila dirisha linapofunguliwa, juu ya kitufe kilekile. Asubuhi ukibofya mara moja risiti moja, jioni ukibofya mara moja kitabu kizima.

Chatu wa Tabata: Ndiyo maana mimi natumia Tkinter, zana ya madirisha ya Python.

Binti Temeke: Si wewe uliyeandika command=hifadhi() na mabano yake, yanayoiita kazi papo hapo? Programu ikahifadhi yenyewe kabla mtu hajagusa kitu, kisha kitufe ukikibofya hakijibu.

Chatu wa Tabata: Mambo ya zamani unayafukua ya nini?

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. MBELE YA MTEJA.

Mzee wa Buguruni: Dogo punguza jazba. Mie nimerithi mradi wa NetBeans, programu ya kuandikia Java inayovipa vitufe majina yenyewe, vitufe kuanzia jButton1 mpaka jButton64, hakuna hata kimoja kilichopewa jina la maana. Nani kanihurumia?

Kibodi Mbovu: Afadhali wewe mzee, unalipwa. Mteja wangu hajatoa hata senti toka Ramadhani.

Binti Temeke: Wa Kariakoo au wa Masaki?

Kibodi Mbovu: Masaki. Kila siku "mwezi uishe".

Mzee wa Buguruni: Wa Masaki ndio wabaya kabisa. Wa Kariakoo atakutukana, lakini jioni hela unaiona.