Kikundi cha Ukoo: Leo Ngomeni

Hamisi: Shikamooni wazee. Tuko na watoto mlangoni pa Fort Jesus, ngome ya Mombasa. Hapa saa moja tu, halafu picha kwenye zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, tumalizie Mji wa Kale.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Ngome yote hiyo kwa saa moja? Pembe mtaziona hata mkiwa ndani ya matatu. Asubuhi yote ipeni Ngome, jua halijawa kali.

Mjomba Swaleh: Dada kasema kweli. Msianzie kwenye mizinga, watoto watang'ang'ania hapo. Ingieni makumbusho mtafute vitu vya Santo António de Tanná. Hiyo ni meli ya Wareno iliyokuja kuiokoa ngome Waomani walipoizingira, ikazama hapo hapo mbele yake 1697.

Zuhura: Walizingirwa muda gani mjomba?

Mjomba Swaleh: Machi 1696 hadi Desemba 1698. Watu wamejifungia humo, chakula hakitoshi, maradhi yamewaandama. Halafu msaada unafika na kuzama wakiuona. Mimi kila nikisimama mbele ya vitu vile nawafikiria wao.

Hamisi: 📷📷 Tazameni ukuta huu! Merikebu, samaki, hata kinyonga. Mdogo wangu hapa habanduki.

Mjomba Swaleh: Mwache atazame! Askari wa Kireno walichora kwa mkaa na udongo mwekundu. Kwangu mimi hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Zuhura: Kiongozi anasema ujenzi ulianza 1593, na aliyeichora ramani ni Mtaliano, Cairati. Ati ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu.

Shangazi Rukia: Ndivyo. Na jela je, amewaambia? Mwingereza aliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Asipotaja, muulizeni. Watoto wajue na hilo, si habari za Mreno na Mwarabu tu.

Hamisi: Namuuliza sasa hivi shangazi. Pembe tumeziacha.

Shangazi Rukia: Vyema. Mkitoka piteni Ndia Kuu kwa miguu, mtazame milango ya nakshi na roshani za mbao, mpaka Msikiti wa Mandhry. Ule ni wa 1570, mkongwe kuliko Ngome yenyewe. Jisitirini, na msimpige mtu picha bila idhini yake.

Hamisi: Inshallah. Mjomba, ile njia ya matao iko wapi?

Mjomba Swaleh: Upande wa baharini, imechongwa ndani ya mwamba wa matumbawe. Mshike mtoto mkono mkishuka.