Naomba ushauri: nawezaje kupata mafunzo ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kwa kikundi chetu cha kijijini?

Habari zenu wakuu, mi niko Mvomero, tuna kikundi cha wakulima wa mahindi, wengi wakina mama na wazee wawili watatu ambao shule waliishia darasa la nne huko ila kichwani wako vizuri kuliko sisi vijana. Shida yetu kubwa ni dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi stoo, yani unavuna vizuri, unaweka stoo, baada ya miezi michache ukishika punje inakuwa unga mkononi.

Sasa nimeambiwa SUA pale Morogoro wana Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza inayotoa kozi fupi hata kwa wakulima wa kawaida (mi nilidhani ni digrii tu na wale panya wa kunusa mabomu 😂). Waliowahi kupita huko naombeni mnielekeze, naandika barua moja kwa moja chuoni au lazima ipitie kwa afisa ugani na halmashauri? Gharama inakuwaje, kikundi kinalipa au tunachangia tu nauli na chakula cha mwalimu?

Pia wanakubali kuja huku shambani? Maana wakina mama kulala mjini wiki nzima haiwezekani, na siku moja ya semina haitoshi. Kuna mradi mmoja ulishakuja, tukasaini mahudhurio tukapigwa picha, basi, hakuna aliyerudi kuangalia hata kama ile mifuko ya kinga njaa (ya kuhifadhia nafaka bila hewa kuingia) tunaifunga sawasawa.