Mita mpya ya maji inayojisoma, bili imepanda: naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nipo Chikongola, Mtwara. Miezi miwili nyuma walitung'olea mita ya zamani, wakafunga inayotuma usomaji yenyewe. Yule kijana wa daftari hapiti tena (mbwa wangu kamkumbuka). Bili sasa imekuja uniti 19, tumezoea 7. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ziada ndoo 600! Hata mama mkwe afue kanga zake zote, hatufiki huko.

Jana usiku nilifunga koki zote, nikamulika mita kwa tochi ya simu: kigurudumu kinazunguka, polepole lakini kinazunguka. Nivunje sakafu ya ua nitafute bomba linalovuja, au kwanza nidai mita ipimwe? Waliopitia hili mlianzia wapi?