Uligunduaje kuwa ini lako lina mafuta? Tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mimi. Nilipigwa ultrasaundi kutafuta mawe ya nyongo. Mawe hakuna, ila karatasi ikasema ini lina mafuta, daraja la pili. Daktari akaniambia punguza uzito, basi. Mwaka mzima nililiwaza lile daraja kana kwamba ni la saratani! Daktari mwingine ndiye aliyenieleza kuwa daraja linataja wingi wa mafuta tu. Kama ini limeanza kuota makovu, halisemi. Na makovu ndiyo ya kuogopwa.

Akachukua umri wangu, 52, akazidisha kwa AST, 48 (AST na ALT ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu). Kisha akachukua chembe sahani (zile za kugandisha damu), 210, akazidisha kwa kipeuo cha pili cha ALT ya 64, yaani 8, akagawanya jibu la kwanza kwa hili la pili. Ikatoka 1.49. Hiyo ndiyo FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini: chini ya 1.3 hatari ni ndogo, juu ya 2.67 unapelekwa kwa bingwa wa ini. Mimi wa katikati nikapelekwa kwenye FibroScan, kifaa kinachopima ugumu wa ini. Usile saa tatu kabla. Kifaa kinakudonoa ubavuni, hakiumi. Nikapata kilopaskali 6.4, wanachotaka ni chini ya 8. Haya, leteni yenu.

Mwenye Sukari: Mimi ALT 27, nikaringa. Kliniki ya sukari wakasisitiza hesabu hiyohiyo: miaka 61, AST 34, chembe sahani 140. Ikaja 2.85! Bingwa akakuta makovu tayari. Ini lilikuwa linaharibika na majibu ya damu "mazuri".

Mwembamba: Niliulizwa habari za pombe mara tatu, mke wangu naye akaulizwa pembeni. Nilinuna kweli. Kumbe lazima waondoe sababu nyingine kwanza: pombe, homa ya ini B na C, hata dawa kama amiodaroni na methotreksati. Wembamba wangu haukunikinga.

Mgeni wa Jukwaa: Mimi vipimo viligongana, nikatolewa kinyama cha ini kwa sindano. Ganzi ipo. Kilichonichosha ni kulala palepale kwa saa kadhaa.

Binti Mkubwa: Baba ana miaka 71, FIB-4 yake 1.8. Wamesema hatari ni ndogo. Si imezidi 1.3?

Mwanzisha uzi: Dada, umri umo ndani ya hesabu, kwa hiyo wazee wengi wangeonekana wagonjwa. Kuanzia miaka 65 mpaka wa chini unasogezwa hadi 2.0.