Wauza difu za mtumba Mwanza, hesabuni reshio kabla hamjapokea hela za watu!

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira na nataka usomwe na wauza spea, mafundi na wenye magari. Biashara ya difu za nyuma (kasha la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma) za Subaru Impreza GC8, zile za 1992 hadi 2000 zinazokimbizwa rali, imekuwa ya kubahatisha. Muuzaji anaisukuma difu mezani anasema "hii inaingia, bosi", fundi anaibeba na kuifunga, gari linakabidhiwa. Ndiyo, inaingia! Bolti zinakaa, propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi) inafunga, shafti zinajikita vizuri. Kuingia siyo kufaa.

R160, yaani aina ya difu inayokaa nyuma ya magari haya, zote zinafanana kwa nje. Jina lenyewe linatokana na kipenyo cha krauni (gia kubwa ya ndani), milimita 160, halisemi chochote kuhusu reshio, yaani propela inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Ndani unaweza kukuta 3.545, 3.7, 3.9, 4.111 au 4.444. Krauni ya meno 37 na piniani (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 9 ndiyo 4.111. Krauni ya 39 na piniani ya 10 ni 3.9. Hakuna jicho la mtu litakaloona tofauti hiyo kupitia ganda la chuma, hata kama ameuza spea miaka 20.

Mnaosema "tofauti ni ndogo tu" kati ya reshio ya mbele na ya nyuma, tupige hesabu. Tairi ya 205/55R16 ina mzingo wa karibu mita 1.985, kwa hiyo kwenye spidi ya 100 inazunguka kama mara 840 kwa dakika. Difu ya mbele, ambayo kwenye Subaru imo ndani ya giaboksi, ikiwa 4.111 inadai mizunguko 3,450 kwa dakika. Difu ya nyuma ya 3.9 inadai 3,275. Hiyo tofauti ya mizunguko 175 kila dakika inapita kwenye difu ya katikati, na viskasi kaplingi iliyomo humo (kifaa cha sahani na mafuta mazito) kazi yake ni kuzuia tofauti hizo. Imetengenezwa kuvumilia kuteleza kwa muda mfupi, siyo mateso yasiyokoma. Kwa kilomita 50 tu za lami ni mizunguko zaidi ya elfu tano. Mafuta ya silikoni ndani yake yanachemka, kaplingi inakaza, na baada ya hapo inajifia moja kwa moja. Ukikata kona kali kwenye lami gari linashikashika na tairi zinalia. Ukishuka unasikia harufu ya kuungua katikati ya gari. Na kinachoniudhi zaidi: kwenye vumbi la Misungwi au Sengerema dalili hizi hujificha, kwa sababu tairi zinateleza kidogo na kupunguza mkazo. Ndiyo maana fundi anajaribu gari kwenye barabara ya changarawe, analitangaza zima, mwenye gari anakuja kugundua akiwa na giaboksi iliyokufa.

Kupima hakuhitaji mashine. Kwa difu ya kawaida, zuia upande mmoja wa shafti usizunguke. Tia alama ya chaki kwenye flanji ya propela (sahani ya difu inapofungwa propela) na upande wa pili wa shafti. Zungusha flanji mpaka ule upande ulio huru umalize mizunguko 20, ambayo ni mizunguko 10 ya krauni. Flanji ikienda 41 na kidogo, hiyo ni 4.111. Ikienda 39 kamili ni 3.9, 37 ni 3.7, na 44 na karibu nusu ni 4.444. Usipime kwa mzunguko mmoja, maana 3.9 na 4.111 hazitofautiani kwa macho, bali kwa mizunguko 10 haiwezekani kukosea. LSD (difu inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake) ya viskasi inapimika hivyo hivyo, ila ni nzito, izungushe polepole. LSD ya sahani inazungusha pande zote pamoja, hivyo hesabu mizunguko 10 ya shafti. Dakika tano! Muuzaji anayekataa dakika tano ajue anachoficha.

Na sasa ninyi wenye magari. Msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu difu ya zamani kabla hamjaihesabu. Kama gari lilikuwa linakwenda vizuri kabla difu haijavunjika, reshio ya ile ya zamani ndiyo jibu. Kuna giaboksi zenye 3.9 mbele na 3.545 nyuma, na ziko sawa kabisa, kwa sababu transifa yake (gia zinazopeleka nguvu nyuma) ina reshio ya 1.1. Mtu asiyejua anaona namba hazilingani, "anarekebisha" kwa kuweka 3.9 nyuma, anaua gari zima.

Kuhusu R180, difu kubwa kuliko R160: ni imara zaidi, hilo halina ubishi. Lakini inataka shafti zake, na miisho ya shafti lazima ioane na habu zako. Uuziwe seti nzima au usinunue. Kwa maoni yangu R160 nzima, iliyohesabiwa, ni bora kuliko R180 ambayo hakuna anayejua ilikotoka. Kuchomelea difu ya nyuma nako kukome. Kwenye lami tairi mbili za nyuma haziwezi kutofautiana kwenye kona, na mzigo unahamia kwenye shafti na majointi.

Kuchanganya krauni ya difu moja na piniani ya nyingine nako ni kosa la jinai, kwangu mimi. Zimesagwa pamoja kiwandani na ni jozi. Ukibadilisha jozi, plei ya meno (nafasi inayobaki kati ya meno) ipimwe kwa dayo geji, kati ya milimita 0.10 na 0.20, kisha paka rangi ya kupimia meno uone mguso. Mguso ukiwa juu kwenye ncha za meno, piniani iko mbali, ongeza shimu (pete nyembamba ya kujazia) nyuma yake. Mguso ukiwa chini kwenye mashina, punguza.

Kwenye kufunga, mafundi wengi wanaharibu mahali padogo. Legeza nati ya kujazia oili kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ikikataa kufunguka baada ya kumwaga, umebaki na difu kavu. Tia alama propela na flanji ili zirudi zilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka. Sili za pembeni na klipu za shafti ziwe mpya, na shafti ziingie kwa kunyooka, maana meno yake yanakata mdomo wa sili. Oili ni ya gia, daraja la GL-5, ya 75W-90, karibu lita 0.8 kwa R160 na lita 1 kwa R180, gari likiwa sawa chini, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu. LSD ya sahani inataka oili yake yenyewe. Anayeweka oili ya injini hajui kwamba meno ya krauni husuguana kwa kuteleza, na bila kiungo cha shinikizo kubwa kwenye oili yanachubuka.

NYONGEZA: mkuu uliyeuliza kwa nini oili inatoka nyeupe kama maziwa, hayo ni maji. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye maji ya mto au tope jeusi la mbuga inapoa, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio kilicho juu, au kwenye sili iliyochoka. Safisha kipumulio, unganisha mpira wa kuupandisha juu hadi karibu na buti, na mwaga oili siku hiyo hiyo, kwa sababu beringi huanza kupata kutu mapema. Kwenye sumaku ya nati ya chini, unga laini kama uji wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole siyo vya kawaida: fungua kifuniko cha nyuma na uhesabu meno.