Kondo limekaa chini wiki 22, mama ana kovu la upasuaji: tumpangie vipi?

MkungaKijijini
Wakuu, habari za kazi. Nina mama wa miaka 31, mimba ya tatu, wiki 22. Mtoto wa pili alizaliwa kwa upasuaji. Ripoti ya ultrasaundi inasema tu kondo la nyuma "lipo chini", basi. Hajatoka damu. Hb (wingi wa damu) 10.2, kundi B hasi. Zahanati yetu haina chumba cha upasuaji. Hospitali yenye damu iko saa mbili kwa gari, tena barabara ikiwa kavu. Mama mkwe wake anataka akandwe tumbo ili kondo "lipande". Nimpe ratiba gani?

MpimaPicha
Sista, ripoti hiyo irudishwe kwa aliyeiandika. "Lipo chini" si kipimo. Tunataka milimita kutoka ukingo wa kondo hadi tundu la ndani la mlango wa kizazi. Tundu likiwa limefunikwa, hiyo ndiyo plasenta previa. Ukingo ukiwa chini ya milimita 20 bila kufunika, kondo limekaa chini. Kuanzia 20 kwenda juu mama anahesabiwa kama wengine. Pia iandikwe kama kondo liko ukuta wa mbele au wa nyuma. Kwa mwenye kovu mimi naanza na hilo, maana kovu lenyewe liko mbele, chini.

Uliza kama alipimwa kibofu kimejaa. Mama akinyweshwa maji mengi, kibofu kinausukuma ukuta wa mbele mpaka ukutane na wa nyuma, na kondo linaonekana limeziba mlango wakati halijaziba. Akojoe, apimwe upya. Kipimo cha kupitia ukeni ndicho kinachoonyesha umbali kwa usahihi, na ni salama hata kwa previa kwa sababu kifaa hakiingizwi kwenye mlango wa kizazi.

Kondo haling'oki likahamia juu. Mimba inavyokua, hasa kuanzia kama wiki 28, sehemu ya chini ya kizazi inarefuka na ukingo unabebwa nayo. Kwa wanaoambiwa liko chini wiki ya 20, karibu tisa kati ya kumi linakuwa limepanda kabla ya kujifungua. Mwenye kovu bahati hiyo inapungua. Rudia wiki 32. Likiwa bado chini, rudia 36. Hata likipanda, mpimaji awashe dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyotembea, aangalie kama kuna mishipa ya mtoto iliyobaki imekatiza juu ya mlango. Hiyo ikipasuka anayevuja damu ni mtoto, na anayo kidogo.

MzalishaWodini
Hofu yangu kwa huyu ni kondo kuzama kwenye kovu. Previa kwa mama aliyepasuliwa mara moja, uwezekano ni kama asilimia 11. Aliyepasuliwa mara mbili, kama 40. Kwenye picha utaona kondo lina matundu ya damu kama kitenge kilicholiwa na nondo, na ule mstari mweusi kati yake na msuli wa kizazi haupo. Akionekana hivyo, hospitali ya wilaya si mahali pake hata kama ina daktari wa upasuaji. Anahitaji timu inayoweza kuondoa kizazi, na damu iwe tayari, kawaida kati ya wiki 35 na 37. Previa isiyozama na isiyotoa damu hupangiwa upasuaji wiki 36 hadi 37.

Kidole ukeni marufuku mpaka picha iseme kondo liko wapi. Damu ya previa huwa nyekundu mbichi, bila maumivu, na ya kwanza mara nyingi inakata yenyewe. Hapo ndipo watu wanapozembea. Tumbo likiwa gumu kama ubao na linauma, fikiria kondo limebanduka, hata kama pedi ina tone tu, kwa kuwa damu inaweza kujificha ndani.

Mwalimu_K
Si alazwe tu kitandani mpaka azae?

MzalishaWodini
Hapana. Kulala muda wote hakuzuii damu ya previa, kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Atembee, apike. Aache kubeba ndoo na, mlango ukiwa umefunikwa, tendo la ndoa.

MtuWaDamu
B hasi ni adimu huku kwetu, anzeni leo. Huyu anapokea B hasi au O hasi tu. Wapimeni kwanza ndugu zake wa tumbo moja. Ila wasichangie sasa: chupa ya damu hukaa siku 35, ikitolewa wiki 22 haitamfikia. Tengenezeni orodha ya watu watatu au wanne wenye simu. Mpimeni na mume. Akiwa chanya, kila mama akitoka damu apate sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga ya kushambulia damu ya mtoto, ndani ya saa 72. Ulizia mapema inapatikana wapi, zahanati nyingi hazina.

Hb 10.2 pia haitoshi kwa mtu anayeweza kupoteza lita. Madini chuma miligramu 120 kwa siku, yaani vidonge viwili vya miligramu 60, mbali na chai. Mpime malaria, mpe dawa ya minyoo.

MkungaKijijini
Asanteni. Na huko kukandwa?

MzalishaWodini
Asikandwe, hakuna mkono unaopandisha kondo, na kubonyeza kunaweza kuanzisha damu. Ila mama mkwe usimfukuze, mpe kazi. Awe na pedi na simu yenye chaji. Damu yoyote, hata ya kuchafua kanga tu, wapige 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waondoke. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, huyo anakufa njiani mkichelewa. Mwekee kanula (mirija ya mshipani) kubwa mbili na dripu kabla gari halijafika, na piga simu hospitali useme "B hasi" waanze kutafuta. Wiki 32 likiwa bado limefunika, ahamie chigonella, nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, karibu na hospitali. Saa mbili za barabara, tena masika, hazisubiri uchungu.