Hiace ya kulala njiani: friji ya gesi au ya betri?

Mzururaji_TZ: Wakuu salaam. Nina Hiace, fundi anaigeuza iwe ya kulala na kupika safarini. Kabla ya Ijumaa nimwambie aweke friji gani. Anasema ya gesi itapoza hata nikiwa barabarani, natumia mtungi uleule wa jiko. Nishaurini.

GerejiUbungo: Umeficha nusu ya habari mkuu. Mtungi wa kilo ngapi? Unakaa wapi? Friji ni ya gesi tupu au inakubali na volti 12?

Mama_Abdul: Betri. Friji ya gesi ina moto unaowaka nyuma. Utaingia nao sheli?

Mzururaji_TZ: Kilo 15, nyuma ya kiti cha dereva. Safari ni Dar–Iringa. Hiyo ya volti sijamuuliza.

Kinyonga: Nyuma ya kiti?! Sisi tulikodi gari la namna hiyo kwenda Mikumi. Mtungi wamelaza chini ya kitanda, koki haijafungwa. Tumepita Chalinze, kiyoyozi kinapuliza, madirisha juu, harufu ikaanza. Mmoja akasema ni vitunguu vya shemeji vimeoza, tukacheka, tukaendelea. Kila tuta mpira unachezacheza pale kwenye regyuleta. Aliyelala kitandani ndiye aliyeamka kichwa kinamgonga. Dereva akazima gari, tukashuka wote, milango wazi, koki ikafungwa, na hakuna kugusa hata swichi ya taa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni. Dirisha la juu haliitoi. Mwenye gari kupigiwa simu anajibu, "Mbona wengine hawalalamiki?"

GerejiUbungo: Na kulaza ni kosa kubwa. Mtungi ukilala, kinachotoka ni gesi ya majimaji badala ya mvuke, regyuleta haikutengenezwa kwa hiyo. Usimame, ufungwe mikanda, kwenye boksi lisilopitisha hewa ndani ya gari, lenye tundu chini la kutokea nje. Ukiwasha injini, koki imefungwa.

Diaspora_Boy: Ulaya watu wanaendesha gesi ikiwa wazi. Kuna regyuleta inayojikata yenyewe gari likigongwa.

Mama_Abdul: Nani anaifunga hapa Dar? Fundi huyohuyo wa mtungi nyuma ya kiti?

GerejiUbungo: Weka friji ya betri, ile ya kompresa, na betri ya pili inayochajiwa na alteneta injini ikizunguka. Gesi ibaki ya kupikia mkishaegesha, mlango wazi. Kila ukifunga regyuleta, paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, inavuja.

Kijiweni: Friji ya nini? Deli, barafu, umemaliza.

Kinyonga: Barafu ya Dar inafika Iringa?

Kijiweni: Deli zuri inafika. Mimi nabeba samaki wa soko la Feri.

Mama_Abdul: Feri bei imechangamka siku hizi, nenda Kunduchi.

Mzururaji_TZ: Fundi anasema betri ya pili itamaliza nafasi ya tanki la maji. Kuna mwenye Hiace aliyeifunga chini ya gari? Weka picha.